Mtoto wa Nanganga hachagui, anachaguliwa

Tunawadanganya watoto wetu. Tunawaambia wachague njia ya maisha, kisha hatuwaonyeshi hata moja inaelekea wapi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ile ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imeamua kuwa elimu ya msingi iwe ya miaka sita, na mwanafunzi akivuka kwenda sekondari akute mikondo miwili: wa jumla na wa amali. Kwa mpango huo, watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027 pamoja na wenzao wa darasa la saba, na wote wataingia kidato cha kwanza Januari 2028. Wengi wao watakuwa na miaka 12 au 13. Kwa umri huo watatakiwa kushika njia ya kuwa fundi, mkulima, muuguzi au mhandisi.

Nauliza: nani pale Nanganga amewahi kumwonyesha mtoto wa darasa la tano mhandisi akiwa kazini?

Nanganga ni njia panda. Ukitoka Lindi au Mtwara kwenda Masasi, pale ndipo unapoacha barabara kuu ukitaka kwenda Ruangwa. Ni kilomita 53 tu kufika Ruangwa mjini, na ukiendelea mbele unaikuta Nachingwea. Mtoto wa Nanganga anaona kila kinachopita. Msimu wa korosho ukifunguliwa Oktoba anayaona malori. Anayaona magari ya watu wa madini ya kinywe, na magari ya Serikali yenye vioo vyeusi. Anawajua kwa majina makonda wa mabasi. Ila hakuna mtu mzima anayesimama mbele ya darasa lake akamwambia: yule aliyekaa ndani ya gari lile ni mjiolojia, alisomea Dodoma, alianza na astashahada, na alipokuwa na umri wako alikuwa anafanya mazoezi ya hisabati kama haya unayoyakimbia. Dunia yote inapita mbele ya mtoto huyu na yeye amebaki kuipungia mkono.

Acheni niwaonyeshe madhara ya ukimya huu kwa somo moja tu, fizikia.

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Tanzania akivuka mtihani wa kidato cha pili amekuwa akiamua kuendelea na fizikia na kemia au kuziacha. Kwenye shule zetu nyingi za kata uamuzi huo unafanywa kwa dakika chache. Mwalimu wa fizikia hayupo, au yupo mmoja anayefundisha vidato vyote vinne. Maabara ni chumba chenye meza. Rafiki kipenzi anakwenda mchepuo wa sanaa. Basi binti anaandika jina lake kwenye orodha ya sanaa na kwenda zake kucheza. Miaka miwili baadaye anamaliza kidato cha nne. Amefaulu biolojia, amefaulu Kiswahili, amefaulu jiografia, na tangu utotoni amekuwa akisema anataka kuwa nesi. Anakwenda kuuliza chuoni. Ndipo anapoambiwa kwamba kujiunga na stashahada ya uuguzi au ya utabibu kunahitaji ufaulu wa kemia, biolojia na fizikia. Hawakumtaka awe na A, D ilitosha. D ya fizikia, na ya kemia aliyoiacha pamoja nayo, ndizo zilizosimama kati ya binti huyu na gauni jeupe la uuguzi, na hapakuwa na mtu wa kumnong'oneza hilo akiwa na miaka 14, wakati bado angeweza kuzihangaikia.

Na vyuo vyenyewe viko karibu. Ndanda, ambako Wabenediktini walianza kazi yao mwaka 1906 na ambako kuna hospitali inayotegemewa na kusini yote, panafundishwa uuguzi, na kutoka Nanganga hapafiki hata mwendo wa saa moja kwa basi. Nachingwea panafundishwa uuguzi. Masasi kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Ruangwa kimejengwa chuo cha VETA. Mtwara kuna chuo cha ualimu, kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, na kuna kituo cha utafiti cha Naliendele, ambako wataalamu wamezalisha mbegu bora za mikorosho inayopandwa kwenye mashamba ya babu za watoto hawa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi ya kilimo Lindi. Ukimwuliza mwanafunzi wa kidato cha pili avitaje vyuo vitatu vilivyo karibu na kwao, mara nyingi atakutajia kimoja, nacho ni cha Dar es Salaam.

Hii ni aibu yetu watu wazima. Mtoto hana kosa.

Wapo watakaonikumbusha kwamba kusini kumetoa watu wakubwa. Ni kweli, na ninajivunia. Benjamin Mkapa alitoka Lupaso, akapita Ndanda na Pugu, akafika Makerere, na akawa Rais wa awamu ya tatu. Kassim Majaliwa, mwalimu kwa taaluma, alikuwa mbunge wa Ruangwa kuanzia 2010 hadi 2025 na kwa miaka kumi alikuwa Waziri Mkuu. Watoto wanayajua majina haya. Picha zao zimetundikwa kwenye ofisi za walimu wakuu. Lakini mtoto anayejua kwamba Mkapa alikuwa Rais bila kujua alipitaje kutoka Lupaso mpaka Makerere hajafundishwa lolote. Enzi hizo wanafunzi walikuwa wachache mno, na mwalimu au padri mmoja aliweza kumshika mkono kijana mwenye akili na kumwambia hatua inayofuata. Kisha ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) wa kuanzia mwaka 2004, shule za kata zikajengwa kila mahali. Januari 2016 ada za sekondari za Serikali zikaondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 zikaondolewa za kidato cha tano na sita. Milango ilifunguliwa kwa maelfu, na hilo ni jambo jema lisilo na ubishi. Ila mkono ule uliokuwa ukimshika mtoto haukuongezeka. Umebaki uleule mmoja, na sasa ni wa mwalimu mwenye vipindi thelathini kwa wiki ambaye ameandikwa kwenye karatasi kuwa ndiye mwalimu wa ushauri na unasihi.

Mwalimu huyo naye simlaumu. Amekabidhiwa cheo bila kukabidhiwa muda, kitabu wala nauli.

Ninaowalaumu ni wale wanaokuja kwenye mahafali. Kila mwaka, kabla ya mtihani wa kidato cha nne, mgeni rasmi anapanda jukwaani Ruangwa, Nachingwea, Masasi, anawaambia wahitimu wasome kwa bidii, waepuke mimba na bangi, wawe madaktari na marubani wa kesho. Watu wanapiga makofi. Rubani! Nusu ya wahitimu walio mbele yake waliacha fizikia miaka miwili nyuma. Mkulima wa korosho hawezi kufanya kosa la namna hii. Anajua salfa inapulizwa wakati mkorosho unachanua, ugonjwa wa ubwiriunga ukiwa haujala maua; anayepuliza wakati wenzake wanaokota anaonekana kituko kijiji kizima. Kwa mkorosho tuna akili hiyo. Kwa mtoto tunapuliza msimu ukiwa umekwisha, tena kwa kipaza sauti.

Sasa niseme jambo ambalo watu wa kwetu hawapendi lisemwe mbele ya wageni. Wapo wazazi Lindi na Mtwara wanaowaambia watoto wao wajifelishe mtihani wa darasa la saba. Mtoto anaelekezwa ajaze majibu ya ovyo, ili asiende sekondari, abaki asaidie shambani au aolewe. Viongozi wetu wamelikemea hili jukwaani kwa hasira, na baadhi wametishia kuwaweka wazazi ndani. Nami nina hasira. Lakini nimekaa na wazazi wa namna hiyo na nimewasikiliza. Wanachosema ni hiki: aliyesoma mpaka kidato cha nne yuko wapi? Wanamwona kijana aliyemaliza, amepata division four au ziro, amerudi na sasa anaendesha bodaboda ya mtu, au ananunua korosho za kangomba, nje ya mfumo rasmi. Wao hawajawahi kumwona aliyetoka kidato cha nne akaenda chuo cha ufundi akarudi fundi umeme mwenye leseni. Hawajui kwamba hata division four yenye D zake nne ina chuo chake. Hawajui kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inatoa mikopo hata kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo za afya, ualimu, madini, kilimo na mifugo. Mzazi anafanya hesabu kwa namba alizonazo, na namba alizonazo ni za kushindwa. Mkimtisha kwa mgambo atanyamaza, lakini hesabu yake itabaki palepale. Mpeni namba nyingine. Mpakieni kwenye basi pamoja na mwanawe akaone kwa macho.

Nitajibiwa kwamba mtoto wa darasa la tano au la sita ni mdogo mno kwa mambo haya. Kusini tunathubutu kweli kusema hivyo? Sisi Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde, ambao likizo ya Juni au Desemba ikifika ngoma zinalia kila kijiji, tunawapeleka watoto wa miaka kumi, na wengine chini ya hapo, jandoni na unyagoni? Kungwi hasubiri mwali afike miaka 18 ndipo amfundishe namna ya kuwa mtu mzima. Anaanza mapema, anamweka mtoto pamoja na wenzake, anamfundisha kwa nyimbo, kwa vitendo na kwa kurudia mpaka neno limkae. Na kila mtoto ana somo wake, mtu mmoja anayejulikana, atakayeulizwa baadaye kama mtoto huyu aliharibika. Unyago una mambo yake ya kukosolewa, hasa pale binti anapotoka akiwa ameaminishwa kwamba sasa ameiva kwa ndoa, na ninayakosoa bila kupepesa macho. Lakini mababu zetu walijua kitu ambacho shule haijakijua: mtoto huandaliwa kwa maisha akiwa bado mtoto, na huandaliwa na mtu. Kama binti wa miaka 11 anaweza kuambiwa habari za mume, anaweza kuambiwa habari za maabara.

Sasa turudi kwenye amali, kwa sababu hapo ndipo ninapoogopa zaidi.

Siupingi mkondo wa amali. Nchi inahitaji mafundi wanaojua kazi, na kijana aliyejifunza umeme, ujenzi au ushonaji vizuri hana sababu ya kuinamisha kichwa mbele ya mwenye shahada. Ninachokipinga ni kuugeuza kapu la watoto wa maskini. Angalieni namna mambo yanavyoweza kwenda. Mtoto wa Masaki kule Dar es Salaam ana baba mwanasheria, ana shangazi daktari wa Muhimbili, ana mjomba anayefanya kazi benki. Kufikia darasa la sita amekwisha kuziona kazi kumi bila kutoka sebuleni. Huyo atachagua. Mtoto wa Nanganga atakwenda shule iliyo karibu, na kama shule hiyo ina jumla atasoma jumla, kama ina kilimo atasoma kilimo, na baadaye itaandikwa kwenye ripoti kwamba alichagua. Miaka mia moja iliyopita wakoloni walikuwa na hoja kwamba Mwafrika afundishwe jembe na randa kwa sababu ndiyo yanayomfaa. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki mwaka 1924 ikihubiri elimu iliyorekebishwa imfae mtu wa kijijini. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka jembe liwe heshima ya wote, na mara nyingi shuleni likaishia kuwa adhabu ya mchelewaji. Tusirudi huko mara ya tatu.

Eneo letu lina kumbukumbu chungu za mambo makubwa kuja yakatukuta hatukuandaliwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga. Nachingwea ikachaguliwa, misitu ikafyekwa kwa mitambo, reli ikatandikwa kutoka pwani, bandari ya Mtwara ikaanzishwa. Mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza paundi milioni 36 hivi, na baada ya uhuru hata reli yenyewe ikang'olewa. Wenyeji walipata nini? Walipata vibarua vya kung'oa visiki. Miaka ya 1970 vikajengwa viwanda vya kubangua korosho kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kimoja hapohapo Nachingwea. Vingi vikafa, vingine vikageuzwa maghala, na hadi leo sehemu kubwa ya korosho yetu inapakiwa ghafi kwenda India na Vietnam.

Na sasa ni zamu ya kinywe. Dunia inakitaka kwa ajili ya betri za magari ya umeme, nacho kiko Ruangwa, kwenye ardhi ya Matambarale na vijiji jirani. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushiriki wa Watanzania katika madini zinataka wenyeji wapewe nafasi. Nafasi gani? Mlinzi wa geti hahitaji kanuni ili apate kazi. Fundi wa mitambo, mpima ardhi, mtaalamu wa maabara ya madini, mhasibu, ofisa mazingira: hao wanaandaliwa kwa miaka kumi, na maandalizi yanaanza pale mtoto anaposikia kwa mara ya kwanza kwamba kazi hiyo ipo na kwamba Dodoma kuna Chuo cha Madini. Kama watoto wa Matambarale waliopo darasa la sita leo hawatasikia, mgodi utakapoajiri mwaka 2036 utaajiri kutoka kwingine, na sisi tutaandamana kudai ajira kwa ajili ya vijana ambao hatukuwaandaa.

Wengine wamekwisha kuanza maandalizi ya namna hii. Ujerumani, mwanafunzi wa miaka 14 au 15 hutoka darasani kwa wiki mbili au tatu akakaa karakana, hospitali au ofisi na kuona kazi inavyofanywa. Jirani zetu Wakenya waliwapitisha wanafunzi wao wa kwanza wa gredi ya tisa katika uchaguzi wa njia mwaka 2025, wakaingia sekondari ya juu Januari 2026. Wamejikwaa kwa mengi, lakini nchi nzima ilibishana kuhusu njia hizo redioni, mabasini na makanisani. Huku kwetu, mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi mpya 49 zikafika 65. Nani amekaa na wanafunzi wa Ruangwa akawaeleza hizo 65 zinampeleka mtu wapi?

Msiniambie hakuna fedha. Halmashauri zinatoza ushuru wa asilimia 3 kwenye mazao ya biashara, na huku kwetu hiyo maana yake ni korosho na ufuta. Zinatoza ushuru wa huduma kwa makampuni. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na akubaliane na halmashauri. Chama kikuu cha RUNALI kinawaunganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na kina sauti. Basi moja la wanafunzi kutoka Nanganga linaweza kwenda Ndanda likarudi siku hiyohiyo. Jingine likaenda VETA Ruangwa, jingine Nachingwea. Mafuta yake hayashindi ya msafara wa mgeni rasmi mmoja. Najua madawati hayatoshi na vyoo vimejaa, na siombi shilingi ya choo. Naomba ya mapokezi, ya maturubai na ya fulana zenye kaulimbiu.

Ninachokitaka ni kidogo na kinafanyika. Kila mtoto wa darasa la tano hadi kidato cha pili katika Ruangwa, Nachingwea na Masasi aingie walau mara moja kwa mwaka kwenye chuo au mahali pa kazi, aongee na mtu anayefanya kazi hiyo, amwulize alisoma nini na analipwaje. Kabla mtoto hajaacha fizikia au hesabu, yeye na mzazi wake waelezwe mbele ya mwalimu vyuo anavyovifunga kwa kuacha. Waliotoka shule hizo wakafika mbali, hata kama mbali penyewe ni zahanati ya Chinongwe au gereji ya Masasi, warudi wasimulie walivyopita, na waliofeli njiani wakainuka wasimulie zaidi. Na mwalimu wa ushauri apunguziwe vipindi.

Madiwani wa Ruangwa, Nachingwea na Masasi, mwaka wa fedha unaanza Julai na ninyi ndio mnaopitisha bajeti. Wekeni kifungu cha safari hizo, kwa jina lake na kwa kiasi chake, kionekane. Na kama mtakikataa, simameni mbele ya wazazi pale njia panda ya Nanganga mseme ni kwa nini, kabla ya Januari 2028.